Alama Sitini za Msanifu Mwamvita

Sisi wananchi wa nchi hii tuna bahati ambayo majirani zetu hawana: serikali yetu hujifunza kutokana na makosa. Mwaka ule majengo saba yalipoanguka kwa msimu mmoja wa mvua, la mwisho likiwa Jumba la Ukaguzi wa Majengo lenyewe, viongozi hawakukaa kimya. Walikutana siku tatu mfululizo na chanzo kikapatikana. Chanzo hakikuwa saruji iliyochanganywa na majivu, wala nondo nyembamba kama mbavu za mwavuli, mambo ambayo wenye chuki walikuwa wakiyasema vijiweni. Chanzo ni kwamba wasanifu majengo wetu hawakuwa wakijiendeleza.

Hapo ndipo ilipozaliwa Bodi ya Kuwaendeleza na Kuwatambua Wasanifu, na mimi, mnyonge wenu, nikaajiriwa kuwa karani wake wa mahudhurio. Ninayoyaeleza hapa mengi niliyaona kwa macho. Pale ambapo sikuwepo nilisoma kwenye faili, na faili za Bodi hazijawahi kukosea, kwa sababu huandikwa baada ya mambo kwisha.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila msanifu alitakiwa kupata alama sitini kwa mwaka, na alama zilipatikana kwenye semina. Kuhudhuria siku nzima, alama nne. Kukaa mstari wa mbele, tano. Kuuliza swali, mbili, mradi swali lianze kwa kuishukuru Bodi na lisihitaji jibu. Kusinzia hakukupunguza alama, kwa kuwa daftari langu lilikuwa na safu ya "Yupo" na safu ya "Hayupo", na anayesinzia yupo. Kujenga hakukuwa na alama. Jambo hilo lilijadiliwa sana, lakini wajumbe waliona kuwa mtu akipewa alama kwa kujenga atashawishika kujenga, na kujenga ndiko kulikotuletea yale maafa ya majengo saba.

Basi wilayani Kisarazi, mwendo wa siku moja na nusu kutoka makao makuu, kulikuwa na msanifu aitwaye Mwamvita Shebughe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mfupi, msema taratibu, na viatu vyake havikukauka udongo. Kwa miaka miwili alikuwa akijenga wodi ya wazazi. Kabla ya hapo wanawake wa Kisarazi walijifungulia kwenye ghala la pamba, na kila mwaka thelathini na kitu kati yao hawakutoka humo wakiwa hai.

Mwamvita hakuanza kwa kuchora. Alikwenda akakaa ghalani wiki tatu akiwatazama wanawake, jambo ambalo halimo kwenye mtaala wowote ninaoufahamu. Kisha akamuuliza nesi mkuu, Sista Perepetua Ndimbo, mwanamke mnene wa Kingoni aliyekuwa amezalisha nusu ya wilaya:

"Sista, ukiambiwa uchague kitu kimoja tu, utachagua nini?"

"Dirisha la chini," Sista akasema bila kufikiri. "Mwanamke akishikwa na uchungu hulala ubavu. Dirisha likiwa juu anaona ukuta. Nataka amwone mama yake amekaa nje anamsubiri."

Hivyo ndivyo wodi ilivyojengwa. Madirisha yalikuwa usawa wa kitanda, na nje yake, mbele ya mlango mkuu, palikuwa na baraza refu lenye kivuli ambapo ndugu walikaa. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma, na paa lilikuwa la bati jepesi juu ya kenchi za mbao, limeinuliwa kidogo ili joto litoke. Halikuvuja. Mwaka wa kwanza walikufa wanawake wanne. Mwaka wa pili akafa mmoja. Wanawake walianza kuja kwa miguu kutoka wilaya mbili za jirani, wengine wakidanganya kwamba wao ni wenyeji wa Kisarazi.

Mwaka wa tatu tukampelekea barua.

Mwamvita alikuja makao makuu akiwa ameishika barua ile mkononi. Nilimpeleka mwenyewe kwa Msajili wa Bodi, Bwana Anaeli Kilatu, mtu mpole sana, ambaye hata anapomfukuza mtu humkaribisha chai kwanza.

"Karibu, dada yangu. Safari ilikuwaje?"

"Salama, Bwana Msajili. Barua hii inasema mimi si msanifu tena."

"Inasikitisha," Msajili akasema. "Miaka minne una alama sifuri. Sisi tulidhani umefariki. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye jengo."

Msajili akanitazama, nami nikafungua daftari nikathibitisha kuwa hakuna semina iliyowahi kuitwa hivyo.

"Jengo halina alama, dada yangu. Hilo unalijua."

"Sawa. Niondoeni kwenye orodha," Mwamvita akasema. "Mimi ni mtu mzima, nitalima. Lakini mmeandika hapa kwamba wodi ibomolewe."

Msajili akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Sheria ya nchi yetu inasema jengo la umma lazima liwe limesanifiwa na msanifu anayetambuliwa. Yeye hatambuliwi, na kutotambuliwa huko kumeanzia mwaka alipokosa alama za kwanza. Kwa hiyo, kisheria, wodi ile haikusanifiwa na mtu yeyote. Ilitokea tu. Na serikali haiwezi kuwaruhusu akina mama wajifungulie ndani ya kitu kilichotokea.

Mwamvita aliisoma barua upya hadi mwisho. Chai yake ilipoa.

"Hakuna njia?" akauliza.

"Ipo," Msajili akasema, na uso wake ukang'aa, maana alikuwa mtu wa huruma. "Jengo yatima linaweza kulelewa. Akipatikana msanifu mwenye alama za kutosha, akakubali kulipatia jina lake, litasimama. Na bahati nzuri yupo aliyekwisha jitolea."

Aliyejitolea alikuwa Dokta Fulgensi Rwamboga, fahari ya taaluma. Mwaka ule alikuwa na alama mia nne na kumi na mbili, wa kwanza kitaifa. Alikuwa hajawahi kujenga chochote, na rekodi yake ilikuwa safi kwa sababu hiyo: nchi nzima hakuna jengo lake lililowahi kuanguka. Mwamvita alipewa fomu ya kumkabidhi Dokta wodi. Aliisoma mara mbili, akauliza kama akisaini wodi haitabomolewa, akaambiwa haitabomolewa, akasaini. Nilishuhudia. Hakulia. Aliomba tu maji ya kunawa mikono, ingawa wino haukumgusa.

Msajili, kwa wema wake, akamshauri aanze kujiendeleza. "Ukipata sitini tutakurudisha. Huwezi jua, mwakani unaweza kujenga choo."

Kwa hiyo Mwamvita akaja kwenye semina, mara ya kwanza na ya mwisho. Ilifanyika katika ukumbi wenye zulia hadi ukutani. Mada ya siku hiyo ilikuwa "Wodi ya Kisarazi: Falsafa na Dira", na mtoa mada alikuwa Dokta Rwamboga. Alivaa koti jeupe la kitani na alizungumza kwa saa tano juu ya jengo ambalo alikuwa hajafika kuliona. Sina elimu kubwa, lakini nilitokwa na machozi. Alisema wodi ile ni mazungumzo kati ya utupu na uzazi. Wasanifu mia na ishirini walipiga makofi, na waliokuwa wamelala wakaamka wakapiga pia.

Mwishoni kulikuwa na mtihani wa maswali matano. Swali la tatu liliuliza: "Kwa nini madirisha ya Wodi ya Kisarazi yako chini?" Mwamvita aliandika: "Kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hulala ubavu. Nesi ndiye aliyeomba." Jibu sahihi, kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihishia, lilikuwa: "Ili kuonyesha unyenyekevu wa taifa mbele ya kesho." Alipata swali moja kati ya matano, lile la tarehe.

Msahihishaji aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtahiniwa ajitahidi kulielewa jengo."

Mwamvita aliikunja karatasi ile akairudisha mezani kwangu, akapanda basi kurudi Kisarazi. Huko alilima mihogo na kuwafundisha mafundi wawili kupanga tofali, kosa ambalo tulilifumbia macho.

Mwaka uliofuata Bodi ilianzisha Nishani Kuu ya Usanifu, na baada ya ushindani mkali ikaamuliwa nishani ya kwanza iende kwa Wodi ya Kisarazi, yaani kwa Dokta Rwamboga. Kamati ya sherehe ilisafiri kwenda kuikagua na ikarudi na wasiwasi. Wodi haikuonekana. Ukipita barabarani ungedhani ni shule, au nyumba ya watawa. Hakukuwa na mahali ambapo kiongozi angeweza kusimama juu ya watu wengine. Dokta akaombwa aikamilishe kazi yake.

Dokta alichora jukwaa la zege, zito na zuri, lenye nakshi za ngao, litakalokaa juu ya baraza, likiegemea ukuta wa mbele na nguzo sita zilizokuwa zikibeba bati. Lilimwagwa kwa wiki mbili.

Sista Perepetua alikwenda kwa miguu hadi shambani kwa Mwamvita.

"Dada, njoo uone wanachofanya."

"Mimi si msanifu, Sista."

"Sikukuita kwa usanifu. Nimekuita kwa macho."

Mwamvita alikwenda. Alizizunguka nguzo, akaweka kiganja kwenye mojawapo na kuona ufa mwembamba kama unywele karibu na kichwa chake. Dokta alikuwepo siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akipigwa picha.

"Dokta, shikamoo," Mwamvita akasema, ingawa alimzidi umri.

"Marahaba, mama. Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ndiye niliyezijenga nguzo hizi. Nilizijenga zibebe bati na ndege wakitua. Hazitabeba zege, na zikibeba zege hazitabeba watu."

Dokta hakukasirika. Alimshika bega. "Mama Mwamvita, nimesikia habari zako, nami nakuheshimu. Lakini unafikiri kizamani. Nguzo si suala la kubeba. Nguzo ni suala la kauli."

"Na ikianguka?"

"Itakuwa imetoa kauli," Dokta akasema, na mpiga picha akacheka, na Dokta akaona aliongeze hilo kwenye hotuba yake.

Mwamvita aliandika barua kwa Bodi siku hiyo hiyo, kurasa mbili, pamoja na mchoro na hesabu. Iliniangukia mimi mezani. Nilitamani kuifikisha, kwa kweli, maana mwandiko ulikuwa safi sana. Lakini kanuni ya kumi na nne inasema onyo la kitaalamu hupokelewa kutoka kwa mtaalamu anayetambuliwa. Onyo kutoka kwa mtu mwingine ni onyo bandia, na kulitoa ni kosa la kujifanya msanifu. Nilipiga muhuri wa "Limerudishwa". Sikupiga ule wa "Apelekwe Polisi", na huo ulikuwa wema wangu. Sijamwambia mtu hadi leo.

Barua iliporudi, Mwamvita alimfuata Sista.

"Siku ya sherehe usimweke mtu barazani. Hata mmoja."

"Wameniletea maagizo," Sista akasema. "Wazazi wakae barazani na watoto wachanga, wapunge vibendera. Picha inataka hivyo."

"Wafungie ndani."

"Nitawafungia wote ninaoweza," Sista akasema. Akaitazama ile nguzo yenye ufa. "Wewe usije. Wakikuona watasema umeloga."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, asubuhi nyeupe isiyo na upepo. Mheshimiwa Waziri alikaa hemani, ng'ambo ya barabara, kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi. Bodi ilikuwa imetangaza kwamba msanifu atakayesimama juu ya jukwaa wakati wa kutolewa nishani atapata alama kumi kwa mpigo, na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Walikuja mia na arobaini. Jukwaa lilichorwa kwa ajili ya watu thelathini, lakini nani angemzuia mtu kujiendeleza? Nilisimama chini ya ngazi na daftari, kila aliyepanda nikimwekea alama ya vema.

Sista alikuwa amewaingiza wazazi karibu wote wodini na kuufunga mlango mkuu. Walibaki barazani wanawake wanane ambao afisa wa itifaki aliwatoa kwa mkono, maana baraza tupu lilikuwa linaharibu picha. Sista alipoona hivyo alitoka akakaa nao. Nilimwona akimfunga mmoja khanga vizuri, huku akiwasogeza mmoja mmoja kuelekea ukingoni, polepole, ili afisa asione.

Katika hotuba yake, Waziri alikuwa amefika kwenye neno "uimara".

Sitaeleza sauti. Watu wengi wameniuliza, nami husema sikumbuki. Zilianza nguzo, na jukwaa likashuka zima, kama mtu anayepiga magoti. Wasanifu walikuwa juu na akina mama walikuwa chini. Wasanifu mia na arobaini walianguka juu ya zege, na zege likaangukia watu, kwa hiyo wao waliumia kidogo tu: mikono, visigino, na mmoja alipoteza miwani. Chini walikufa wanawake watano, watoto wachanga watatu, na Sista Perepetua. Watatu aliowahi kuwasogeza ukingoni walipona.

Ukuta wa wodi haukuanguka. Ulipasuka palipoungana na jukwaa, lakini nyuma yake wazazi ishirini na wawili walitoka wakiwa wazima.

Alama kumi za siku hiyo hazikufutwa. Mahudhurio yalikuwa yamekwisha kusainiwa.

Nchi ilidai mtu wa kuwajibika, nasi hatukatai kuwajibisha. Tume iliundwa na kufanya kazi siku sita. Ilimhoji Dokta Rwamboga, ambaye alikuwa kwenye likizo ya mshtuko, naye akaeleza kwa unyenyekevu kwamba yeye alikuwa mlezi tu wa jengo. Mtoto akiwa na tabia mbaya, akasema, watu wa busara huuliza aliyemzaa. Tume iliona hoja hiyo ina uzito. Nguzo zilizoanguka zilijengwa na nani? Na Mwamvita Shebughe. Zege lilianguka kwa sababu nguzo zilianguka. Basi.

Ilibaki shida moja ndogo. Sheria inasema kosa la kitaaluma hutendwa na mwanataaluma. Mwamvita hakuwa msanifu, na mtu asiye msanifu hawezi kushtakiwa kwa usanifu mbaya, kama vile kuku hashtakiwi kwa kuendesha gari vibaya. Wanasheria walisumbuka siku mbili. Kisha Msajili Kilatu, mtu wa huruma, akapata njia.

Mwamvita, aliyekuwa ameshikiliwa na polisi tangu siku ya ajali, aliletwa makao makuu Jumanne. Ukumbi ulikuwa umepambwa, na kulikuwa na keki. Msajili alisimama akasoma kwamba Bodi, baada ya kutafakari mchango wa kipekee wa Bi Mwamvita Shebughe katika Wodi ya Kisarazi, inampa alama sitini kwa mkupuo, inamrejesha kwenye Orodha ya Wasanifu tangu siku alipoondolewa, na inalitambua jengo lile kuwa lake, msingi hadi paa. Wajumbe walipiga makofi. Polisi wawili wa kike waliosimama mlangoni nao walipiga makofi, mmoja akiwa na pingu mkononi, zikawa zinalia.

Msajili alimsogezea cheti na kalamu. "Saini hapa chini, dada yangu, kukubali."

"Nisiposaini?"

Msajili aliinama karibu naye, na kwa kuwa nilishika kidau cha wino niliwasikia wote wawili.

"Usiposaini uko huru, urudi shambani. Dokta amekwisha jitoa, kwa hiyo wodi haitakuwa na mwenyewe. Greda liko Kisarazi tangu jana."

"Na nikisaini?"

"Jengo litakuwa na msanifu anayetambuliwa. Litasimama. Wewe utapata kama miaka tisa."

Mwamvita aliitazama karatasi. Ilikuwa nzuri kweli, ya rangi ya maziwa, yenye ukingo wa dhahabu, na jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa. Nilidhani atauliza kuhusu rufaa, au kuhusu hesabu zake ambazo nilizirudisha.

"Sista amezikwa wapi?" akauliza.

Msajili alinigeukia mimi. Nikasema hilo halimo kwenye ratiba.

"Kwao ni mbali," Mwamvita akasema, kana kwamba anajisemea. "Sidhani kama walimsafirisha."

Kisha akasaini, kwa mwandiko ule ule safi, akavuta mstari chini ya jina. Msajili alimpa mkono. Mpiga picha akaomba aiinue hati usawa wa kifua, naye akaiinua. Kipande cha keki alichokatiwa hakukila; aliuliza kama anaweza kukichukua, lakini polisi walisema huko anakokwenda vitu vya nje haviruhusiwi, basi nikakila mimi. Ilikuwa ya ndizi.

Nilimwandika kwenye daftari, safu ya "Yupo", na akatolewa kwa mlango wa nyuma kwa sababu mbele wajumbe walikuwa wakipiga picha ya pamoja.

Greda liliondoka Kisarazi saa sita mchana bila kufanya kazi, dereva akilalamika. Saa nane, upande wa wodi usiopasuka, mwanamke mmoja alijifungua mtoto wa kike wa kilo tatu. Nesi mgeni, aliyehamishiwa pale siku mbili nyuma na bado hajui dawa zinakaa kabati lipi, alimuuliza mtoto ataitwa nani. Mama akasema bado anafikiri, akamgeuza mtoto upande wa pili, akaanza kumnyonyesha.